Kutoka San Miniato hadi Roma kwa Miguu: Vilima, Udongo na Saa za Maduka

Anayepanga kutembea Via Francigena, njia ya mahujaji wa kwenda Roma, kwa mara ya kwanza huuliza kuhusu milima. Katika sehemu hii ya Italia milima si tatizo. Kati ya San Miniato na Roma kuna kilomita 360 hivi, na kijiji kilicho juu kuliko vyote njiani, Radicofani, kiko karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari. Wanaokatisha safari huangushwa na mambo yasiyoonekana kwenye picha za mkoa wa Toscana: udongo wa mfinyanzi baada ya mvua, nusu siku bila bomba la maji, duka lililofungwa saa saba mchana, na lengelenge ambalo mtu alilihisi mapema akalipuuza.

Njia yenyewe ni ya kale. Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikwenda Roma kupokea palio, utepe wa sufu ulio alama ya cheo chake, kwa Papa Yohane XV, na vituo vya safari yake ya kurudi vikaandikwa: vituo 79, kuanzia Roma hadi pwani ya kaskazini ya Ufaransa. Orodha hiyo ndiyo inayofuatwa leo na waliochora njia ya wapita miguu, na mwaka 1994 Baraza la Ulaya liliitambua kuwa Njia ya Utamaduni. Lakini haikuwa barabara moja. Lilikuwa fungu la njia zilizohamahama kadiri mito ilivyofurika na miji ilivyopigana. Radicofani, kwa mfano, haimo kwenye orodha ya Sigeric. Yeye alipita chini, kwenye bonde la mto Paglia. Barabara kuu ilihamia mlimani baadaye, na njia ya leo inafuata huko juu. Miguu yako ndiyo itakayolipa tofauti hiyo.

San Miniato ni pazuri pa kuanzia kwa sababu treni ya kati ya Firenze na Pisa husimama bondeni, kituo cha San Miniato-Fucecchio. Mji wa zamani uko juu ya mgongo wa kilima. Usiupande na mzigo jioni ya kufika kama basi bado lipo. Kesho utapanda vya kutosha.

Kosa la kwanza hufanywa mezani. Mtu anatazama kilomita 24 za San Miniato hadi Gambassi Terme, anasema mbona kwetu natembea zaidi ya hapo, kisha anaunganisha na 13 za kwenda San Gimignano. Kwenye karatasi ni 37. Hapa hakuna mlima mmoja wa kupanda ukamaliza. Kuna vilima vingi vifupi, unapanda, unashuka hadi kijito, unapanda tena. Kila kimoja ni kidogo, lakini jumla yake jioni ni mamia ya mita, na kushuka ndiko kunakomaliza magoti. Hesabu ya kuaminika kwa mtu mwenye mzigo ni kilomita nne kwa saa kwenye tambarare ya kokoto na tatu na nusu kwenye vilima, kisha uongeze saa moja na nusu ya kupumzika, kula na kupotea. Kwa hesabu hiyo kilomita 24 ni saa nane hivi. San Gimignano hadi Monteriggioni ni kilomita 31; mwenye busara huigawa kwa kulala karibu na Colle di Val d'Elsa, au anaondoka kabla jua halijachomoza.

Siku hiyo ya kwanza hadi Gambassi ina mtego mwingine. Ukishaacha nyumba za mwisho za San Miniato, unatembea juu ya migongo ya vilima katikati ya ngano na majani ya mifugo, na karibu hakuna pa kununua chochote hadi mwisho. Kanisa la kale la Coiano, ambalo ni kituo cha 21 cha Sigeric, linapendeza kukaa kwenye ngazi zake, ila usilitegemee kwa chakula. Toka na lita mbili za maji na chakula cha mchana.

Kuhusu maji, kanuni ni kujaza kila unapoona bomba, hata kama chupa ina nusu. Vijiji vingi vina bomba la umma, fontanella, mara nyingi uwanjani au kando ya kanisa. Palipoandikwa «acqua non potabile» hapanyweki. «Potabile» ndiyo ya kunywa. Jambo ambalo wageni hawalijui ni makaburi. Karibu kila kijiji cha Italia kina eneo la makaburi lenye ukuta, nje kidogo ya nyumba, na ndani yake kuna bomba la kumwagilia maua. Mara nyingi ni maji yaleyale ya mji. Soma kibao kwanza, ingia kwa adabu, vua kofia, jaza, toka. Lita moja ni kilo moja mgongoni, kwa hiyo hakuna maana ya kubeba lita tatu asubuhi siku ambayo utapita vijiji vitatu. Na kuna siku mbili au tatu ambazo lita mbili hazitoshi, nitazitaja.

Sasa miguu, maana hapa ndipo safari huokolewa au hupotea. Lengelenge hutokea pale ngozi ya juu inapovutwa huku na soksi na ngozi ya ndani ikibaki na mfupa. Unyevu huongeza mvutano huo, na vumbi la barabara nyeupe za kokoto, strade bianche, likiingia kwenye soksi hufanya kazi ya msasa. Kwa hiyo tiba inaanza kabla ya lengelenge. Ukihisi joto sehemu moja, iwe kisigino, pembeni mwa dole gumba au chini ya unyayo, simama papo hapo. Usiseme nitafika kile kilima kwanza. Keti, vua kiatu na soksi, kung'uta kiatu, futa mguu ukauke kabisa, acha upigwe na upepo dakika tano. Bandika plasta ya kitambaa ya kunata moja kwa moja kwenye ngozi, kingo zake uzikate mviringo zisijikunje, ipite sentimita mbili kila upande wa pale panapouma. Vaa soksi kavu. Dakika kumi zimekwisha na umejiokolea siku tatu za kuchechemea. Lengelenge likishajaa maji na linakuzuia kutembea, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa dawa, kamua taratibu, usiitoe ngozi ya juu, paka dawa ya kuua vijidudu, funika. Famasia zina alama ya msalaba wa kijani na wahudumu wake wamezoea miguu ya mahujaji, onyesha tu.

Viatu viwe vimeshatembea kilomita mia kabla ya kupanda ndege, na viwe vikubwa kwa nusu saizi, kwa sababu mguu huvimba kuanzia siku ya tatu. Buti nzito za ngozi hazihitajiki huku. Kiatu chepesi chenye soli yenye meno kinatosha, na hukauka usiku mmoja. Kucha zikatwe fupi siku mbili kabla: kwenye miteremko dole gumba linagonga mbele ya kiatu maelfu ya mara, na ukucha mrefu ndio huo unaogeuka mweusi. Kaza kamba za kiatu karibu na kifundo unapoanza kushuka, zilegeze kidogo unapopanda. Soksi za sufu, jozi tatu, si za pamba. Pamba ikilowa jasho hailiachi.

Mzigo wote, bila maji, usizidi kilo saba. Begi la lita 35 linatosha. Mfuko wa kulalia uwe mwepesi, au shuka lililoshonwa kama mfuko kuanzia mwisho wa Mei, kwa kuwa hosteli nyingi zina blanketi. Lakini uliza unapopiga simu. Nguo jozi mbili, moja mwilini moja begini, kila jioni unafua uliyovua. Koti la mvua, kofia pana, tochi ya kichwani, sabuni ya kipande, pini za kuanikia soksi nje ya begi. Fimbo mbili za kutembelea zinapunguza mzigo wa magoti kwenye mteremko na zinasaidia kwenye vijito. Kila mtu hubeba kitu kimoja cha anasa. Sina ugomvi nacho, mradi ni kimoja.

Njia imewekwa alama vizuri, ila zisomwe kwa akili. Tafuta mistari myekundu na myeupe iliyoandikwa VF, na kibandiko kidogo cha hujaji mwenye fimbo na begi. Mistari myekundu na myeupe peke yake, yenye namba, ni ya njia nyingine za milimani na inaweza kukupeleka pasipo pako. Vibao vikubwa vya kahawia vya barabarani vilivyoandikwa Via Francigena vimewekwa kwa ajili ya magari. Ukivifuata utajikuta kwenye lami pamoja na malori. Mahali pa kupotea ni njia panda za mashambani, hasa baada ya kulima, trekta linapong'oa nguzo au shamba linapomeza njia. Ukitembea mita 500 bila kuona alama, rudi kwenye alama ya mwisho. Usikate shamba kwa kubahatisha. Pakua ramani ya njia nzima kwenye simu kabla ya kuondoka, maana mabondeni mtandao hukatika.

Saa za Italia nazo ni somo. Duka la vyakula la kijijini, alimentari, hufungwa karibu saa saba mchana na kufunguliwa tena saa kumi au kumi na moja jioni. Jumapili mchana halipo. Katikati ya wiki kuna alasiri moja ambayo vijiji vingine hufunga, na mikahawa ina siku yake ya mapumziko, mara nyingi Jumatatu. Karibu na tarehe 15 Agosti, Ferragosto, nusu ya nchi iko likizoni. Chakula cha jioni hakipatikani kabla ya saa moja na nusu usiku, hata ukiwa umefika na njaa saa nane. Kwa hiyo nunua asubuhi au jioni ya jana. Mwambie muuzaji akutengenezee mkate: unataja nyama au jibini kwa etto, yaani gramu 100, naye anakata, anapima na kufunga. Etto moja ya jibini la pecorino, nusu ya nyama ya prosciutto, nyanya mbili. Mkate wa Toscana hauna chumvi kabisa, na mgeni hudhani umekosewa. Unapotoka jasho kwa muda wa saa nane chumvi unaihitaji, kwa hiyo usile mkate mtupu na matunda. Jibini na nyama iliyokaushwa kwa chumvi vina kazi yake. Kahawa kunywa umesimama kaunta. Ukikaa mezani bei inaweza kupanda.

Monteriggioni ina kuta zake zenye minara 14, ambayo mshairi Dante aliifananisha na majitu, na watalii wa mabasi wakishaondoka jioni inakuwa mahali pa utulivu wa kweli. Kilomita chache kabla yake iko Abbadia a Isola, monasteri iliyoanzishwa mwaka 1001. Kutoka Monteriggioni hadi Siena ni kilomita 20 na ushee, nyingi msituni, kivuli kizuri. Siena yenyewe, naisema hivi nikijua wengi hawatakubali: si mahali pa siku ya mapumziko. Ina hospitali ya zamani ya mahujaji ya Santa Maria della Scala mkabala na kanisa kuu, ina famasia, ina maduka ya viatu. Lakini mtu akipumzika Siena huishia kuzunguka kilomita kumi juu ya mawe kwenye vichochoro vya kupanda na kushuka, na kesho yake miguu imechoka kuliko jana. Pumzikia Bolsena, kando ya ziwa, siku chache mbele.

Unatoka Siena kwa Porta Romana, na hapo mandhari inabadilika. Miti inakwisha. Unaingia Crete Senesi na Val d'Arbia, udongo wa kijivu uliokuwa sakafu ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, wenye vilima vilivyopara na ngano hadi upeo wa macho. Hadi Ponte d'Arbia ni kilomita 26 na kivuli ni cha kuhesabu. Mwezi wa Juni au Septemba ondoka saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Hapa lita mbili ni kiwango cha chini, tatu kukiwa na joto la nyuzi 35. Ngome ya Cuna, ghala kubwa la matofali lililokuwa la hospitali ile ya Siena na kuhifadhi nafaka zake, ni alama nzuri kwamba karibu nusu imekwisha. Reli inapita bondeni jirani, na Monteroni d'Arbia na Buonconvento zina vituo vya treni. Mwenye mguu mbaya ana pa kutokea.

Mvua ikinyesha hapa, mambo yote yanageuka. Udongo huu haugeuki tope la maji tu, unakuwa gundi. Hatua ya kwanza unaokota tabaka, ya pili tabaka juu ya tabaka, baada ya mita ishirini kila kiatu kina soli pana kama sahani na uzito wa kilo moja na zaidi. Vifundo vinachoka, unateleza pembeni, nyonga zinauma. Kukwangua kila hatua kumi ni kupoteza nguvu. Tembea kwenye ukingo wenye majani, hata kama yamelowa. Mizizi inashika udongo. Fupisha hatua, weka unyayo wote bapa, fimbo mbele. Ukiona kijito kimepanda na maji ni ya rangi ya kahawa ya maziwa, huwezi kuona chini, basi usijaribu. Rudi, tafuta daraja la barabara. Na kama usiku umenyesha sana, fuata lami siku hiyo, upande wa kushoto ukitazama magari yanayokuja, ukihamia upande wa nje kwenye kona isiyoonekana mbele. Si aibu. Jua la siku moja au mbili hukausha kila kitu, lakini nyayo na magurudumu yaliyopita kwenye tope hubaki kama mifereji migumu, na hiyo ndiyo inayotegua vifundo vya watu wanaotembea wakitazama mandhari.

Radi za alasiri ni za kawaida kuanzia Mei. Juu ya mgongo wa kilima mtupu, msipresi mmoja unaopendwa na wapiga picha si mahali pa kujikinga. Shuka, kaa mbali na mti uliosimama peke yake, weka fimbo za chuma pembeni.

Siku ya San Quirico d'Orcia hadi Radicofani ndiyo nzito kuliko zote: kilomita 33, na sehemu ngumu imewekwa mwisho. Val d'Orcia iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2004, na ukiiona asubuhi mwezi wa Mei, ngano ikiwa ya kijani na maua mekundu ya poppi kando, hutauliza kwa nini. Kilomita tano hivi baada ya kuondoka unafika Bagno Vignoni, kijiji ambacho uwanja wake ni bwawa la maji moto yanayotoka ardhini yakiwa karibu nyuzi 50. Kuoga kwenye bwawa ni marufuku, lakini kwenye mitaro ya chini, penye vinu vya zamani, watu hutumbukiza miguu. Usitumbukize. Ngozi iliyoloweka kwenye maji ya moto dakika ishirini inalainika kama ya mtoto, na mbele yako kuna kilomita 28 za kokoto. Nimeona hapa ndipo malengelenge ya Radicofani yanapoanzia, na hakuna anayeshuku maji yale mazuri. Ukilala Bagno Vignoni kwa kuigawa siku, basi loweka jioni, ngozi ipate usiku wa kukauka.

Jaza maji Bagno Vignoni, jaza tena Gallina ukipita huko. Baada ya hapo ni bonde la kijito cha Formone, kisha barabara ya Cassia ya zamani inaanza kupanda. Unatoka mita 300 na kitu bondeni kwenda karibu 800, saa za mchana, bila kivuli, na mnara wa ngome ya Radicofani unauona tangu asubuhi pasipo kukaribia. Hapa ndipo lita mbili hazitoshi. Panda polepole, pumua kwa pua, kunywa kidogo kila dakika ishirini kuliko nusu chupa mara moja. Ngome hiyo ndiyo iliyotwaliwa na Ghino di Tacco, mnyang'anyi wa karne ya 13 aliyeingia kwenye maandishi ya Dante na Boccaccio. Mahujaji matajiri walipanda mlima huu wakiwa na sababu nyingine ya kuhema. Siku hizi mahujaji hupokelewa kwenye ospitale, hosteli ya udugu wa Mtakatifu Yakobo, kwa desturi ya kuoshwa miguu, na malipo ni sadaka.

Sadaka nayo ina maana yake. Hosteli za parokia na za udugu zilizoandikwa offerta hazikutozi bei, lakini umeme, gesi na tambi za jioni vimelipwa na mtu. Weka unachoweza kwa uaminifu. Nyingine zina bei maalumu, kwa kawaida kati ya euro 15 na 30. Piga simu siku moja au mbili kabla. Barua pepe hukaa bila kujibiwa. Sema wewe ni pellegrino a piedi, mko wangapi, mtafika saa ngapi. Kama hufiki, piga tena kufuta, kwa sababu kitanda ulichoshikilia kinamlaza mwingine nje. Utahitaji credenziale, kitabu cha hujaji ambacho hupigwa muhuri, timbro, kila unapolala. Bila hicho hosteli nyingi za mahujaji hazikupokei. Na kila mwenye nyumba analazimika kisheria kuandikisha wageni polisi, kwa hiyo beba pasipoti halisi, si nakala.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda kuna hatua ya kabla ya hayo yote: viza ya Schengen, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ombi la viza hutaka uthibitisho wa mahali pa kulala, na hosteli nyingi za sadaka hazitoi barua miezi kabla. Weka nafasi kwenye nyumba za wageni za kawaida kwa miji mikubwa, San Miniato, Siena, Viterbo na Roma, na uambatishe mpango wa siku kwa siku wenye majina ya vijiji na kilomita. Mpango ulioandikwa vizuri unaeleza safari kuliko maneno.

Kutoka Radicofani unashuka kilomita nyingi kwenye barabara nyeupe, Monte Amiata yenye mita 1,738 ikiwa upande wa kulia, hadi Ponte a Rigo. Chini huko njia fupi ya Acquapendente inakutana na barabara kuu ya Cassia yenye magari ya kasi na kingo nyembamba. Njia mbadala ya kupitia Proceno inaongeza kilomita kadhaa na kupanda kidogo. Chukua Proceno.

Kuanzia hapo uko mkoa wa Lazio, na ardhi ni ya volkano: njia zilizochongwa kwenye mwamba laini wa kahawia, misitu, maziwa ndani ya kreta. Tope lipo lakini halinati kama la Siena. Bolsena ina fukwe, maji safi ya kuogelea, na kanisa la Mtakatifu Kristina lenye kumbukumbu ya muujiza wa 1263 wa hostia iliyotoka damu. Baada ya Montefiascone unatembea juu ya mawe ya basalti ya Cassia ya Warumi, yaliyolainishwa na magurudumu. Yakilowa ni utelezi mtupu, pita pembeni. Vetralla hadi Sutri ni mashamba ya njugu za nocciole (hazelnut), na mwishoni mwa Agosti na Septemba mashine za kuvuna huinua vumbi zito, hivyo kitambaa cha kufunika pua kina faida. Sutri ina uwanja wa michezo wa kale uliochongwa wote kwenye mwamba mmoja. Mengine ya Lazio hayana fumbo.

Mambo matatu ya wanyama na bunduki. Mbwa weupe wakubwa wa Maremma hulinda kondoo, hawalindi nyumba: ukiwaona wanakuja, simama, usikimbie, usiinue fimbo, sema kwa sauti ya kawaida, kisha zunguka kundi kwa mbali, usipite kati ya mbwa na kondoo. Kupe wako kwenye majani marefu. Jikague nyuma ya magoti na kinena kila jioni. Uwindaji hufunguliwa Jumapili ya tatu ya Septemba hadi mwisho wa Januari, na kwa sheria ya 1992 hauruhusiwi Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine za vuli vaa kitu cha rangi ya machungwa, na ukikuta kibao cha msako wa nguruwe mwitu, toa sauti au subiri.

Majira yanayofaa ni Aprili hadi katikati ya Juni, na Septemba hadi katikati ya Oktoba. Machi na Novemba ni za tope. Julai na Agosti ni za joto. Mwishoni mwa Oktoba saa hurudishwa nyuma na giza linaingia kabla ya saa kumi na mbili jioni, hivyo hatua za kilomita 30 zinakuwa hatari kwa mwenye kuchelewa kuamka.

Anayetaka Testimonium, hati ya Vatikani, lazima awe ametembea angalau kilomita 100 za mwisho kwa miguu, yaani kuanzia Viterbo, na mihuri ya kuthibitisha. Kwa baiskeli ni 200. Hatua ya mwisho kutoka La Storta inaanza kwa magari ya Cassia, kisha mbuga ya Insugherata, kisha Monte Mario, ambako mahujaji wa zamani waliliona jiji kwa mara ya kwanza na kupaita Mlima wa Furaha. Ukifika uwanja wa Mtakatifu Petro kuna foleni na ukaguzi wa mashine: kisu cha kukatia jibini hakipiti, fimbo na begi kubwa navyo ni shida, mabega na magoti yafunikwe. Acha mzigo kwanza mahali unapolala. Mwenye miguu iliyokwisha kabisa anaweza kupanda treni ya FL3 La Storta na kushuka Roma San Pietro, mwendo mfupi kutoka Basilika, ila mihuri ya kilomita hizo asiidai.